Ua la Mwanasaumu Kando ya Mtungi

Boga alitoka mbio, kikoi chataka kumvuka, akapiga ukelele mtaa mzima wa Likoni ukasikia.

"Mwanatatu! Shemeji! Njoo uone!"

Mwanatatu, mdogo wa marehemu mkewe, akaja na mwiko mkononi. "Kuna moto?"

"Moto wapi! Kuna jani!"

Mwanatatu akacheka mpaka akajishika kiuno. "Wallahi shemeji! Mkwezi wa minazi tangu ujana, leo wapigia jani kelele?"

Lakini jani hili si la mnazi. Mkewe, Mwanasaumu, alikuwa yaya kwa Mzungu mmoja wa Shelly Beach. Vita vya Wazungu vilipoanza, yule memsabu akarudi kwao, akamwachia ua ndani ya kopo. Ua la misitu ya mbali, mahali pa mvua na kivuli. Majani yake yana mishipa myekundu. Mchana hulala bapa. Ikifika magharibi, husimama yakakutana kama viganja vya mtu aombaye dua. Mwanasaumu aliliweka ukumbini, kando ya mtungi wa maji ya kunywa.

"Mwenzangu wa kusali," akisema.

Alipofariki, mtungi ulichukuliwa matangani kwa kina Mwanatatu, watu walikuwa wengi. Kopo likabaki peke yake. Boga akalionea huruma. Mkwezi alijua jambo moja tu: mmea wataka jua. Akalitoa nje uani.

Majani yakaungua yote. Magharibi ikaingia, hakuna kilichosimama. Makaburini Boga hakutoa chozi. Mbele ya kopo lile alilia.

Mwanatatu aliporudisha mtungi na kuutua pahali pake, Boga akaona sakafuni alama ya duara ya lile kopo, imegusana na mtungi kabisa. Akapapasa ubavu wa mtungi. Umetoka jasho, baridi. Kumbe ubaridi huu ndio uliolilea ua! Akalikimbilia kopo, akalirudisha hapo hapo.

Na leo, jani! Changa, limekunjuka, mishipa ileile myekundu.

"Haya, na lisiposali?" Mwanatatu akamtania.

"Ngoja adhana."

Wakachuchumaa wote wawili. Mchuzi wa papa ukaanza kunukia kuungua, Mwanatatu hakuondoka. Adhana ikalia, ikaisha. Boga hakupumua.

"Linainuka! Shemeji, linainuka!" Mwanatatu akapiga ukelele.

Jani likasimama wima.

"Masikini, mkono mmoja tu," akasema Mwanatatu.

Boga akaupeleka mkono wake, wenye sugu za minazi, akauweka wazi kando ya lile jani.

"Wa pili huu."