Landrova Mbili na Mtu Aliyeomba Woga Wangu

Naanza na mapacha wa kwetu Rutamba, Hassani na Huseni. Msinikatize, kisa chenyewe kinakuja, na ni cha kweli, nimekiona kwa macho yangu haya mawili. Moja sasa lina mtoto wa jicho, lakini siku ile lilikuwa zima. Basi Hassani alikwenda jeshini, Huseni akabaki kulima ufuta. Sura moja, sauti moja, hata mama yao akiita gizani hujibiwa na asiyemwita. Hassani aliporudi akawa anakula wima, na mvua ikinyesha hakimbilii barazani, anatembea mwendo wake uleule. Huseni tone moja tu, mbio. Marehemu baba alikuwa akisema, hawa tumbo moja lakini si watu wa namna moja. Nilikuwa mtoto, yakapita. Nilikuja kuyakumbuka uzeeni, nimelala chini ya gari, mgongo kwenye mchanga.

Maana tajiri wangu Bi Somoe, mnunuzi wa ufuta na korosho pale Miteja, alikuwa na landrova kuukuu ya kiraia ambayo nimeiendesha miaka. Kisha akanunua ya pili mnadani, iliyokuwa ya jeshi. Akaniambia niziendeshe zote mwezi mzima, nimwambie ipi abaki nayo, ipi auze.

Niamini, ukizifungua boneti utasema ni kitu kimoja. Injini ileile, giaboksi ileile. Lakini ya kiraia umeme wake volti kumi na mbili, betri moja, ikigoma unaazima kwa mwenye pikapu mnaendelea. Ya jeshi volti ishirini na nne, betri mbili zimefungwa pamoja, ikikuzimikia porini umezimikiwa. Ya kiraia ina paa la bati na milango ya kufunga. Ya jeshi turubai, mvua inakupiga shavuni. Utasema ya kiraia ndiyo bora, hata mimi nilisema. Ila ya jeshi ina matangi mawili, moja chini ya kila kiti, na koki ya kubadilishia. Tena nyaya za plagi zimevishwa chuma, distributa imefungwa haiingii tone. Ile ya kiraia ikinusa maji tu inakohoa, inakufa.

Na mimi, sifichi, nilikuwa dereva mwoga. Woga ukinishika tumbo, nasimama. Ndiyo maana miaka yote barabarani sikuwahi kuua hata kuku.

Masika ya mwaka juzi, Mwanahawa, binti wa Bi Somoe, alishikwa na uchungu shambani, ng'ambo ya korongo. Mimba ya kwanza. Mkunga akapiga simu, akasema mtoto amekaa vibaya, huyu ni wa hospitali. Tukachukua ya jeshi, mimi na mama mtu. Kwenda, maji yalikuwa ya kifundo. Kurudi na mgonjwa, saa sita mchana, mvua imekatika, jua la utosi, na korongo limejaa, maji mekundu yanabeba magogo. Kwenu sijui. Kwetu saa hiyo watoto huitwa ndani. Nani aliwaambia wenyewe, wale wasiotajwa jina, hutembea usiku tu?

Nikasimama. Gari nayo ikazima, haiwaki.

"Dereva, mbona umesimama?"

"Maji, tajiri."

"Nayaona. Mwanangu anakufa huku nyuma, wewe umeng'ang'ania usukani kama titi la mama yako."

Mwanahawa hakuwa anapiga kelele tena. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nikageuza funguo, nikageuza tena.

Mtu akawa yupo ubavuni kwangu. Alikotokea sikukuona. Koti kuukuu la kijeshi lisilo na kifungo hata kimoja, mvi, miguu mikavu, wakati sisi sote matope mpaka magotini. Nikamwamkia. Akaitikia "Marahaba", basi, habari za safari hakuuliza. Akaipigapiga ile gari kama mtu anavyompiga ng'ombe wake.

"Tangi la kulia limekwisha," akasema. Akapitisha mkono chini ya kiti changu bila kutazama, akageuza koki. Nikawasha, ikawaka. "Hii itavuka. Ile nyingine ingekufia hapa. Tatizo si gari, bwana. Ni woga wako. Nipe mimi."

Ile nyingine imelala Miteja, nani kamwambia? Sikujiuliza. Nilidhani ni maneno ya kutiana moyo. Wewe ungekataa?

"Chukua wote," nikasema. Sikutaja hata bismillahi.

Tumboni pakawa patupu, kama jino lililong'oka lenyewe. Akatangulia majini, nikamfuata. Maji yakapanda bampa, yakapanda taa, yakalamba boneti. Kwake yeye yaliishia vifundoni. Bi Somoe ndiye aliyesema, taratibu, "Dereva, yule mzee mbona halowi?" Nikamjibu, "Naona," kama niliyeulizwa kama kuna jua.

Ng'ambo nilimkuta ameshika mkorosho, anatetemeka, meno yanagongana, machozi yanamtoka. "Ahsante, bwana. Na mimi woga wangu nilimpa mtu, kwenye maji hayahaya, nikiendesha gari hilihili. Nimekaa miaka na miaka bila." Akakimbilia porini, anageuka nyuma, anakimbia.

Tulifika hospitali. Mwanahawa mzima, mtoto wa kike mzima. Bi Somoe akaniuliza ipi auze, nikasema ya kiraia. Akaiuza.

Woga haukurudi. Na haukuondoka peke yake. Mwaka jana nimemzika mke wangu, watu wakasema mzee ana subira. Si subira. Pale kaburini nilikuwa nawaza kama jembe limerudishwa kwa jirani.

Masika haya tulipita tena palepale, Bi Somoe, Mwanahawa na mtoto wake. Maji yalizidi ya siku ile. Niliingia na gari vilevile, wala sikusimama kuyatazama. Gari ikayumba, gurudumu likaning'inia, wanawake wanataja Mungu, mimi nawaza vitunguu, ninunue au visubiri. Tukatoka kwa bahati.

Ng'ambo palikuwa na mtu na kirikuu chake, kile kigari cha mizigo, amesimama, mikono inamtetemeka kwenye usukani. Nikateremka. Nikajikuta nimeweka kiganja kwenye boneti yake na kinywa changu kinasema, "Tatizo si gari, bwana." Akaniangalia, anangoja nimalizie. Nilitaka kumalizia. Wallahi nilitaka.

Nikafunga mdomo.

Basi wewe unayenisikiliza, jua likiwa utosini mtu usiyemjua akikuomba kitu, hata kitu unachokichukia, usimpe. Na ukipanda gari likafika kwenye maji, mtazame dereva. Ukiona hana hata chembe ya woga, teremka, hata kama ni porini.

Funguo niliziacha palepale kwenye gari. Bi Somoe akaita, "Dereva, unakwenda wapi?" Akaita tena. Nilitembea mpaka lami, nikashika njia ya Lindi. Miteja sijarudi.