Bahasha za Wino Mwekundu

Naikumbuka siku niliyoshuka basi Geita nikiwa nimebeba aibu ambayo bado sikuijua. Mwanangu, juzi ulilalamika kwamba mialiko ya harusi yako uliyotuma kwa barua pepe imeangukia kwenye barua taka, hata shangazi yako Kabula hajaiona. Pole. Sikucheki. Mimi baba yako nilifanya hivyohivyo kabla kompyuta hazijafika kijijini kwetu Samuye.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, msomi pekee nyumbani, kwa hiyo mialiko ya harusi ya Kabula niliandika mimi. Bahasha thelathini, zote sawa isipokuwa jina la mpokeaji. Juu nikaweka kwa wino mwekundu: MUHIMU SANA! FUNGUA HARAKA! Ndani: "Ndugu mpendwa." Jina langu sikuliandika nje; niliona bahasha inapendeza bila hilo. Za Geita nikampa kondakta azifikishe dukani kwa Mzee Karim, pale Kalangalala, ambako wachimbaji wa dhahabu walipokelea barua zao.

Wiki zikapita kimya. Mjomba Masanja, kaka pekee wa mama, mchimbaji huko Geita, hakujibu, na yeye ndiye aliyepaswa kumtoa Kabula ndani siku ya harusi.

"Ng'wanawane, mwanangu," mama akaniambia siku mbili kabla ya harusi, "bila kaka yangu, binti yangu hatoki. Uliandika wewe, nenda wewe."

Mimi, ambaye nikifika tu Shinyanga mjini naanza kuugua kwa kukumbuka kwetu!

Dukani kwake Geita, Mzee Karim aliinama chini ya kaunta, akatoa boksi la sabuni. Bahasha zangu zote za Geita zilikuwemo, zimechanganyika na zile barua za mikosi za enzi hizo: nakili hii mara ishirini uwagawie watu, ukikataa utapatwa na balaa.

"Hizi ni za kuwashia jiko la chai," alisema. "Nyekundu, haina jina la mtumaji, inasema haraka. Nani atashuka shimoni na kitu kama hiki mfukoni?"

Mjomba akaitwa. "Ilinifikia mkononi, mpwa wangu. Nikairudisha bila kuifungua, maana nilikuwa nashuka shimoni." Sasa akaifungua, akasoma. Kisha akanitazama. "Kumbe mikosi yenyewe ni wewe!"

Duka zima likacheka. Siku hiyohiyo tukapanda lori la pamba, na kesho yake akamtoa Kabula nje, buti zikiwa bado na tope la shimo. Wengine wa Geita hawakuwahi.

Basi sikiliza. Mashine inayochuja barua haikuchukii. Ni Mzee Karim tu, haijui wewe ni nani. Andika jina lako pale juu, lile wanalokujua nalo. Kichwa cha barua kitaje harusi yako, bila herufi kubwa za kupiga kelele. Usiwatumie watu mia kwa mkupuo. Mwite kila mmoja kwa jina lake. Na wapigie simu kwanza: barua inakuja, ukiikuta kwenye taka, itoe uweke alama kwamba si taka. Shangazi yako mpigie leo. Mara ya kwanza alinisamehe mimi. Ya pili sina hakika.

Mungu akupe ndoa yenye amani, na siku hiyo kila unayemtaka awepo mlangoni. Mimi nitakuwepo. Ya kwangu nimeshaifukua kwenye taka.