Sufuri Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Msimamizi alinipeleka kwenye mabwawa ya majitaka ya mji, upande wa mtaa wa Nyalenda, akanikabidhi buti na panga. "Bwana Ouma, kazi yako ni maji yatembee," akasema. "Hao ndege si kazi yako." Nikaitikia. Ningejuaje?

Vijana watano wa mtaa wa Kondele walipoanza kuja Jumamosi na darubini moja, niliwafukuza. Nani mwenye akili timamu anakuja kunusa uvundo kwa hiari yake? Wakarudi. Mwishowe niliwaachia, chama chao cha kutazama ndege kikaota mizizi hapo, na daftari lao likakaa kwenye kibanda changu cha pampu.

Walikuwa na sheria kali. Wawili wanahesabu kimyakimya, kisha wanatajiana idadi. Wakipishana, wanarudia. Hakuna kinachoandikwa mpaka wakubaliane na wote watie sahihi. Nami wakanifundisha.

Fahari yao ilikuwa ndege wa mafunjo, yale matete marefu ya ziwani: mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano. Ana haya huyo! Kutwa unasikia mluzi wake, humwoni. Basi siku moja walitarajia wageni, nami kwa kutaka kuwafurahisha nikashika panga, nikafyeka kona nzima ya mafunjo kando ya bwawa ili waone vizuri.

Akinyi, katibu wao, alifika akasimama. Viota vilikuwa chini. Akamaka kwa Kijaluo: "Yawa, Mzee! Ulitaka tuwaone. Sasa tutaona nini?" Akalia mbele ya wageni. Aibu ile inanichoma hadi leo.

Nilidhani watanikataa. Akinyi akanipa kalamu tu. "Hesabu nami hiyo kona, Mzee. Kila mwezi." Nikaandika sufuri, tukatia sahihi sote wawili. Mafunjo yaliota tena upesi, ndege hawakuja. Miaka ikapita, sufuri, sufuri. Siku moja nilimsikia ndege yule, naapa, lakini Akinyi hakusikia kitu, kwa hiyo haikuandikwa. Nilinuna wiki nzima.

Mkiniuliza nilifanya kazi gani, nitasema maji yalitembea. Ila siku ya kustaafu, miaka ya tisini, nilikuwa nikiwaza kona ile tu. Msimamizi mpya alinisubiri nirudishe buti. Akinyi, sasa mwalimu, akaja tukae pale mara ya mwisho. Mluzi ukatoka ndani ya mafunjo. Sikuthubutu kumtazama Akinyi.

"Mmoja," akasema taratibu.

Akashika kalamu, akangoja.

"Mzee, bila wewe siandiki."

"Mmoja," nikasema, nikatia sahihi. Buti zilisubiri.