Shingo ya Mzee Lukmani

Kule Kanazi, harusi au matanga bila Mzee Lukmani hayakukamilika. Wengi wa wenyeji ni Wakristo na wangeweza kuchinja wenyewe, lakini hakuna mwenye shughuli anayependa jirani yake Mwislamu akae na sahani tupu. Basi huitwa mchinjaji Mwislamu, watu wote wakala chungu kimoja. Lukmani, mzaliwa wa Kimwani, Muleba, aliyehamia Nshambya alipooa, aliitwa kuliko wote. Alifika na kisu chake kimeviringishwa kwenye kitambaa cha kijani. Ng'ombe akielekezwa kibla, alimpapasa paji la uso na kumwambia, "Pole, waitu," kama Wahaya wanavyomwita mtu wa kuheshimiwa, kisha akamtaja Mungu. Hakudai ujira. Alipewa shingo, kama ilivyo desturi, akaifunga kwa jani la mgomba na kupanda baiskeli yake kurudi nyumbani.

Shingo hizo ndizo zilizomkuza binti yake, Shamsa. Zilitokota na ndizi mpaka nyama ikaachia mfupa, na baba alimtengea Shamsa vipande vilivyolainika zaidi. Alipokuwa mdogo alifuatana naye huko shughulini, yeye ndiye wa kummiminia maji ya kuoshea kisu. Kisha wenzake shuleni wakamwita Shingo.

"We Shingo, jana kwenu mmekula harusi au msiba?"

Alikuwa mtoto wa kunyamaza na vitabu vyake. Aliacha tu kufuatana na baba, na aibu ile ikakua naye kimya kimya mpaka chuo kikuu.

Alipohitimu, nyumbani wakaandaa sherehe. Lukmani alikwisha kuchagua dume la kuchinja. Shamsa alimkuta uani, ameinamia kinoo.

"Tata, wageni wangu wanatoka mbali. Tununue tu nyama buchani. Wapishi nimeshaongea nao."

Baba akapitisha kidole gumba juu ya makali ya kisu. "Buchani?"

"Ni rahisi zaidi."

"Haya, mama. Siku ni yako."

Siku ya sherehe, Lukmani alivaa koti la kuazima, akaketi meza ya mbele, mikono juu ya magoti kama mgonjwa anayengoja kuitwa kwa daktari. Rafiki mmoja wa chuo akamuuliza Shamsa baba yake anafanya kazi gani. "Mkulima," alijibu. Lukmani alikuwa viti viwili tu kutoka hapo. Hakugeuka. Shamsa hakujua kama alisikia, na hakuthubutu kuuliza.

Kabla mwaka haujaisha, Shamsa akiwa ameanza kufundisha shule mjini Bukoba, shinikizo la damu lilimwangusha Lukmani barabarani. Akazikwa Kimwani, karibu na wazazi wake.

Mama yake Shamsa, Safina, alikuwa bado amekaa eda siku Mzee Kaijage wa Kanazi alipokuja, kofia mkononi. Binti yake, Joviana, alikuwa anaolewa Jumamosi, na marehemu alikuwa amemwahidi kuchinja.

"Riyadhi atakuja," alisema Safina. Riyadhi, kaka yake Shamsa, alikuwa dereva wa bodaboda na ndiye aliyejifunza kazi ya baba.

"Tunashukuru. Na mwingine wa nyumba hii aje kutuwakilishia marehemu. Mama najua hawezi." Kaijage akamtazama Shamsa, akajikumbusha. "Ah, wewe hapana. Baba yako alituambia damu inakutia kizunguzungu. Ndiyo maana hakuchinja siku ya sherehe yako. Nikamtania, 'Lukmani, anayekula shingo anaogopaje damu?' Hakucheka. Akasema, 'Mwanangu ana moyo laini, mwacheni.'"

Safina alimtazama binti yake, kisha akatazama chini. Shamsa hakuwahi kuona kizunguzungu maishani mwake. Basi baba alikuwa ameijua aibu yake, na lile neno 'mkulima' bila shaka alikuwa amelisikia. Alikuwa amesikia, na badala ya kumwuliza, akamshonea uongo wa kumsitiri na kuutembeza Kanazi nzima. Hata sasa Shamsa angeitikia kwa kichwa tu, uongo ule ungemfunika.

"Nitakuja," alisema. "Kisu nitakileta mimi."

Jumamosi, kisu kile kilikuwa mapajani mwake, kwenye pikipiki ya Riyadhi. Kanazi walimpokea kwa huruma iliyomchoma. Huyu alimletea kiti, yule alimwambia ageuke upande wa migomba.

"Kaa mbali, mwanangu," alisema Vestina, mke wa Kaijage, akimkinga kwa kanga. "Marehemu alitusisitiza sana."

Shamsa akaipita kanga ile, akachukua jagi la maji, akasimama kando ya kaka yake. Riyadhi alimpapasa ng'ombe paji la uso. "Pole, waitu," alisema, kisha akamtaja Mungu, akachinja. Damu ilipomwagika, ikarukia gauni la Shamsa. Hakusogea. Alimimina maji juu ya kisu mpaka chuma kikang'aa, na wanawake wakamtazama wakingoja aanguke.

"Mbona hukuanguka?" Vestina alimuuliza polepole.

"Sijawahi kuanguka, mama."

Vestina akakata jani la mgomba, akafunga shingo na kumwekea mikononi.

Walirudi kupitia sokoni Bukoba. Pikipiki iliposimama kupisha gari, mwalimu mwenzake Shamsa, aliyekuwa ananunua nyanya, aliliona gauni lake lenye damu.

"Mwalimu! Umeumia? Umebeba nini hapo?"

"Shingo," alisema Shamsa. "Baba yangu alikuwa mchinjaji."

Alisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, sauti ya kumfikia mtu aliyeketi viti viwili kutoka hapo. Muuza nyanya akageuka. Mpita njia mmoja akageuka. Riyadhi akatia gia, wakaondoka, na jani la mgomba likaendelea kuvuja juu ya magoti ya Shamsa.