Siku farasi wa chuo chetu alikataa kupanda lori

"Anaogopa nini?"

Hilo swali niliulizwa na mhadhiri wangu, tumesimama kati ya farasi na lori.

Wakuu, sasa. Nitaeleza vile ilitokea, bila kuongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, hata la farasi.

Nilisomea digrii ya mambo ya farasi kwa chuo fulani cha private upande wa Thika. Mkicheka sitawalaumu. Mum alitangazia kanisa lote hapa Mwiki kwamba binti yake atakuwa mtaalamu wa farasi. Brathe naye akaniuliza, "Ukimaliza utaandikwa na nani, Wambui? Mfalme?"

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilimuuliza Dokta, mhadhiri wetu, soko liko wapi. Akasema tutalitengeneza. Nikamuuliza farasi wengine wanakuja lini. Akasema mipango inaendelea.

Kwa sababu chuo kilikuwa na farasi mmoja tu.

Malkia, jike mzee aliyestaafu mbio. Darasa zima tulijifunzia kwake: kusafisha kwato, kupima mapigo ya moyo, kufunga tandiko. Ukikawia na kwato moja anakuegemea na uzito wake wote, kama mtu amechoka kusimama kwa queue.

Somo lililoniingia zaidi ni loading, kumwingiza farasi kwa lori. Humvuti. Humkazii macho. Unatangulia, kamba imelegea. Akipiga hatua unasimama, unamsifu, unangoja.

Halafu kozi ikafungwa. Kumbe haikuwa na kibali. Tukahamishwa kwa kilimo cha kawaida na units zetu za farasi hazikuhesabiwa. Hiyo Mum hakuitangaza.

Asubuhi moja Dokta akanipigia.

"Wambui, Malkia amepata shamba. Nyasi mpaka magotini. Lakini amekataa lori, kuja utusaidie."

Nilipofika nilikuta lori la kijani lenye mlango mmoja mwekundu, na wanaume wanamvuta Malkia, wengine wanamsukuma. Amekita miguu, jasho linamtoka. Nikashangaa. Farasi wa mbio amepanda lori maisha yake yote.

Ndipo Dokta akaniuliza anaogopa nini.

Nikachungulia ndani. Sakafu ilikuwa imeoshwa vizuri, inanuka dawa ya choo. Nikajiambia angalau hawa ni watu wasafi.

"Sijui," nikasema. "Mpeni nafasi."

Nikatangulia, kamba imelegea. Malkia akainamisha kichwa, akanusa zile mbao za sakafu, akapumua kwa nguvu, akaniangalia. Nikamwambia twende. Akanifuata hatua moja moja mpaka ndani.

Wakapiga makofi. "Hiyo ni A, msichana wangu," Dokta akasema.

Ndiyo A pekee ambayo ile digrii ilinipa. Nilishuka nikitabasamu, na mimi wa maswali mengi sikuuliza shamba ni la nani.

Saa hii nauza dawa na chakula cha kuku kwa agrovet hapa Ruiru. Watu wakiniuliza nilisomea nini nasema kilimo.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiona kozi mpya ambayo hakuna mtu amewahi kuimaliza, usiulize soko pekee. Uliza wale wanyama wataenda wapi siku ikifungwa. Na uliza zaidi siku unasifiwa. Mimi ile hamu ya kuuliza iliisha, na sioni ikirudi.

Kama kuna mwingine hapa alipitia kozi ya aina hii, andika. Nitasoma yote, hata ya kunicheka.

Lakini kuna kitu nilijua mwaka jana tu. Lile lori la kijani, mlango mwekundu, lilisimama nje ya duka. Dereva alitaka dawa ya kuosha sakafu. Nikamuuliza huwa anabeba nini.

"Bosi anafuga mamba, madam," akasema. "Nabeba chakula chao. Punda waliovunjika miguu, ng'ombe wazee. Tangu anunue hili lori likiwa jipya, halijawahi kubeba kitu kingine."