Siku Niliyoinua Kidole Kwenye Mzinga

Kazi yangu pale ngomeni ilikuwa kuziba kitundu kwa kidole gumba. Ukiisema hivyo watu wanacheka, na mama yangu alicheka kuliko wote. Alinihangaikia mpaka nikamaliza chuo, na sasa kila Jumamosi naendesha gari karibu saa nzima kutoka Buffalo, nivae koti la sufi la askari waliokufa zamani, katikati ya joto la Julai, kwa kujitolea.

"Wanakupa hata chakula?" aliniuliza.

"Hapana, mama."

"Hata maji?"

"Maji yapo."

"Bon. Maji iko hata hapa nyumbani."

Ngome yenyewe iko ukingoni mwa ziwa. Kuta zake za mawe zimejengwa upya, na mizinga yake bado imeelekea majini, upande wa Kanada, kana kwamba Wakanada wana mpango wa kurudi. Mara ya kwanza nilikwenda kubishana. Ilikuwa 2015, nimetoka chuoni, na nilikuwa na tabia ambayo sijaiacha ya kutoamini kibao chochote chenye maelezo ya historia. Mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa basi la shule kabla ya kustaafu, alikuwa akiwaeleza wageni maisha ya askari. Nikamuuliza nani alifua nguo zao. Nani alichonga mawe haya. Kwa nini kila sura kwenye picha zao ni ya mzungu.

Nilitegemea akasirike. Akajikuna shingo chini ya ile kola ngumu.

"La kwanza najua kidogo," akasema. "La pili na la tatu sijui. Kuna masanduku ya karatasi stoo ambayo hakuna aliyeyasoma. Njoo Jumamosi."

Miaka yote ya chuo sikumbuki mtu aliyeniambia "sijui" kwa wepesi ule. Nikaja Jumamosi, na iliyofuata, na baada ya miezi ya vumbi la masanduku wakaniuliza kama nataka kujifunza mzinga.

Mzinga wa aina ile unajazwa kupitia mdomoni. Ukishafyatuliwa mara moja, ndani yake huenda kumebaki cheche. Kwa hiyo kabla ya kutia baruti nyingine, mtu mmoja anapitisha ndani mti mrefu wenye kichwa cha manyoya yaliyoloweshwa maji, kisha kwa ncha ya pili ya mti huo huo anasukuma baruti mpya mpaka chini kabisa. Huyo alikuwa yule mzee. Nyuma ya mzinga, juu, kuna kitundu kidogo cha kuwashia. Muda wote mzee anaposukuma, mtu wa pili anakiziba kwa gumba lililovikwa ngozi, ili hewa isipite na kuichochea cheche iliyojificha. Huyo nilikuwa mimi. Hatukutia risasi, ni mlipuko na moshi tu wa kuwaonyesha wageni, lakini baruti ilikuwa baruti ya kweli.

"Na nikiinua kidole?" nilimuuliza mzee siku ya kwanza.

"Zamani mwenye mti aliruhusiwa kumpiga nao kichwani aliyeinua."

"Huenda ni hadithi ya kuwachekesha wageni."

"Huenda," akasema. "Lakini mikono ni yangu."

Akanionyesha anavyoushika mti ule, gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, asiukumbatie, ili baruti ikiwahi kulipuka mti umponyoke badala ya kuondoka na mkono. Nikaacha kuuliza.

Agosti ya mwaka uliofuata kanisa letu lilikuwa na kongamano Buffalo. Watu wetu wa milima ya Kivu Kusini, wenye Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa, walikuja kwa mabasi madogo, na nyumba yetu ya mtaa wa Lower West Side ikajaa magodoro mpaka jikoni. Kutoka Columbus alikuja shangazi yangu, anayepanga maboksi ghalani na kuimba sauti ya kwanza. Kutoka Louisville alikuja baba mkubwa. Tangu baba yangu afariki, yeye ndiye baba, na nilikuwa sijamwona miaka minne, tangu sisi wakimbizi tulipogawanywa, wao kule na sisi huku. Ijumaa alifika nikiwa kazini, nikarudi usiku amekwisha kulala, na Jumamosi nikaondoka bado wamelala. Mama akaahidi kuwaleta ngomeni mchana. Niliwaonya kuhusu mlio, nikasema anayetaka anaweza kubaki garini.

"Nimesikia za kweli," shangazi alisema kwenye simu. "Nitaogopa ya muchezo?"

Niliwaambia wafike kabla ya saa nane. Saa nane tukapiga mlio wa kwanza, na wao hawapo. Tulikuwa tumeanza kuujaza mzinga mara ya pili nilipowaona wakipita langoni: mama, shangazi katika kitenge cha kongamano, na baba mkubwa na suti yake ya kijivu. Walikuja moja kwa moja mpaka kwenye kamba ya kuwazuia wageni, hatua chache kutoka kwangu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitundu. Sheria ni kutazama mbele, kutozungumza, kutocheka. Nikatazama mbele.

"Donc huyu mutoto hatuone?" Ilikuwa sauti ya shangazi, na wageni wote waliisikia.

"Anatuona," mama alijibu. "Iko kazini."

"Kazi gani? Amesimama tu. Amevaa manguo ya bazungu, sasa hata salamu hakuna!"

Mzee alikuwa amemaliza kusafisha. Alipokea kifurushi cha baruti, akakiingiza mdomoni mwa mzinga, akaanza kukisukuma. Hapo ndipo baba mkubwa alipoinama, akapita chini ya kamba na kuja kwangu, uso umejaa furaha, mkono wa kulia umenyooshwa.

"Mwanangu!"

Kwetu mkono wa mkubwa hauachwi hewani. Ukiwa unaosha vyombo unajifuta. Ukiwa unakula unampa hata kifundo cha mkono. Sikuamua chochote. Mimi ninayehoji kila kitu sikujiuliza hata neno moja. Niligeuka, nikainama kidogo, mkono wa kushoto ukashika kiwiko cha kulia, nikampa baba mkubwa mkono, na ngozi ya gumba bado imo kidoleni.

"Acha!"

Ni kiongozi wetu wa mzinga aliyepiga kelele, mwanamke mfupi aliyewahi kuwa nesi. Nilimwona mzee akiuachia mti, ukabaki umeingia nusu. Alijitupa pembeni, akaanguka kwa magoti kwenye nyasi. Wote tulirudi nyuma. Kiongozi alimshika baba mkubwa bega, akamsukuma mpaka upande wa pili wa kamba, na mimi nyuma yao. Kisha tukangoja. Kuna muda maalumu wa kungoja, hakuna anayeruhusiwa kusogea, na mimi niliupitisha nikitazama mikono miwili ya mzee juu ya mapaja yake.

Hakikutokea kitu. Muda ulipokwisha, kiongozi alimwaga maji kwenye kitundu, mengi, kisha wakaivuta ile baruti nje imeloa kama unga uliokandwa.

"Nimefanya nini?" baba mkubwa aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamweleza kitundu, cheche, mti.

"Kule kwetu Louisville," akasema, "mutu akiwa kwa mashine ya kukata mabati, hata mukubwa wa kazi hamusalimie. Mimi njo nafundishaka bapya ile sheria."

"Sasa, baba, wewe unayewafundisha wapya, imekuwaje?"

"Niliona nguo hizi, vifungo hivi. Nikasema ni teatre, muchezo tu."

Mtu mwingine, mwenye ngozi yake ya gumba, alichukua nafasi yangu. Mimi nilibaki kwenye kamba, nikiwazuia wageni, mmoja wao akiwa baba yangu mkubwa, ambaye sasa aliishika kamba kwa mikono miwili na kumkemea kijana yeyote aliyeisogelea. Mzee alisafisha tena, akasukuma tena, akauchomoa mti, akatoka mbele ya mzinga. Mzinga ukalipuka. Moshi ulipopungua alikuwa amesimama pale pale, mzima, anapangusa shavu.

"Bon," shangazi alisema. "Njo hiyo tu?"

Baada ya onyesho baba mkubwa aliniambia nimpeleke kwa mzee. Alimwomba radhi kwa Kiswahili, sentensi ndefu za kikanisa, nami nikazifupisha kwa Kiingereza.

"Mwambie nimebeba watoto wa shule nusu ya maisha yangu," mzee akajibu. "Sitishwi na mtu mmoja mwenye adabu."

Kiongozi alikuja nyuma yake. Nilikuwa tayari nimevua kile kifuniko cha ngozi cha gumba ili nimkabidhi.

"Kwa nini uliinua?" akaniuliza.

"Ni baba yangu mkubwa. Alinipa mkono."

Alinitazama, akamtazama yule mwenye suti ya kijivu.

"Jumamosi ijayo unaanza upya, kwenye mzinga mtupu. Nitamleta kila mtu akupe mkono, mpaka uzoee kutoupokea. Na kifuniko hicho kaa nacho."

Mama alikuwa ametandika kanga nyasini na kufungua maandazi ya kongamano. Shangazi akamwita mzee kwa ishara, akamjazia sahani bila kumuuliza. Mzee alikula kwa mkono wa kulia na kufukuza nyigu kwa wa kushoto, akabadilisha mikono, akachukua andazi la tatu. Sikuondoa macho kwenye mikono ile mpaka mama akaniuliza kama mimi sili. Nilikuwa na njaa kali, wala sikuwa nimeisikia mpaka hapo.