Siku Niliyothibitisha Kuwa Jakuzi Letu Ni Chafu

Mimi ni mtu wa kuhoji kila kitu, na wiki iliyopita nilipata uthibitisho mbele ya watu wasiopaswa kuuona.

Ninafanya kazi kwenye loji moja ya ufukweni, Ilemela. Siku hiyo meneja wetu, Mama Kabula, alikuwa akisubiri familia iliyotaka kukodi loji nzima kwa ajili ya harusi.

"Jakuzi la chumba cha maharusi liko safi, maji yanang'aa," alisema.

"Maji, sawa. Na ndani ya mabomba je?"

"Wewe na digrii yako," akanijibu, akaenda mapokezi.

Nikamimina dawa ya kusafishia mabomba ndani ya bafu hilo la maji yanayobubujika, nikawasha pampu. Lo! Utando mweusi ukatoka vipande vipande kama ukoko wa ugali, na povu la kahawia likapanda. Nilifurahi mno. Nikachota uchafu ule kwenye beseni jeupe, nikakimbia nao hadi mapokezi.

"Mama, si nilikwambia? Ona wageni wetu wanachoogea!"

Mama Kabula alifumba macho. Nyuma yake, familia ilikuwa imeshafika; shangazi wa bibi harusi alivaa miwani, akachungulia beseni.

"Shikamoo," nikasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Hayo ndiyo maji ya chumba cha maharusi?"